Mkaguzi Amerudi na Tisa Nyuma Yake

Chumba cha Mbele,
Nyumba ya Mlango wa Kijani.
Jumapili, tarehe 14, saa nne asubuhi.

Mpendwa Dada yangu,

Salamu kwanza, maana nikianza na habari nitasahau adabu. Hujambo? Mgongo wako unaendeleaje? Wapwa zangu wanasoma? Na goti la shemeji limepoa, au bado anachechemea kila akiona kazi za nyumbani? Sisi huku wazima kabisa. Wifi yako amerudi Alhamisi kutoka kwao. Mama yake amepona, na ameanza tena kugombana na watu, kwa hiyo tunashukuru.

Haya, nimejikaza vya kutosha. Dada, kaa chini! Mkaguzi ameangua vifaranga tisa!

Najua utasema, sasa hiyo ndiyo ya kuandikia barua? Subiri. Kwanza nikiri kosa. Mwezi uliopita uliniuliza habari zake, nami nikakujibu kwa mstari mmoja: "Mkaguzi yupo, anakula vizuri." Nilikudanganya, Dada. Siku ile alikuwa hajulikani alipo, siku ya tano, na mimi sikuwa na hamu hata ya chai. Ulipoondoka ulinishika mkono pale mlangoni ukaniambia kuku wengine niwafanye nitakavyo, lakini yule ndiye wa mwisho aliyelelewa na marehemu mama kwa mkono wake. Ningekwambiaje kwamba nimempoteza? Nawe mwezi ujao unakuja!

Acha nikusimulie niliyoyaona. Wifi yako aliondoka na mtoto, akaniachia watetea watano, jogoo na cherehani. Mimi nilidhani kufuga ni kumwaga pumba na kuokota mayai. Thubutu! Mweupe akageuka mla mayai, anadonoa lake na la mwenzake, ikawa kila mmoja akitetea natimua mbio miguu peku. Utitiri ukaingia bandani, ukanihamia. Nampima mteja mabega huku najikuna kwa kisigino. Siku moja niliacha mlango wazi dakika mbili tu, wakaingia chumba cha kushonea wakameza vifungo sita vya gauni la bibi harusi wa watu. Nilizunguka nyuma yao na kijiti siku mbili nzima, nikipekua kinyesi. Vitatu sijaviona hadi leo.

Tabu nyingine ilikuwa kuwatofautisha, maana wale watatu wa kahawia ukiwatazama ni kama mapacha. Nikaja na akili zangu za ufundi: kila mmoja nikamfunga kitambaa mguuni. Mkaguzi nikampa kipande cha lile gauni la mama la maua ya njano, kilichobaki kwenye kikapu changu cha vipande. Nikakaza fundo mara mbili, kama namalizia mshono. Yeye bado ni yule yule, kila asubuhi anazunguka uani kuchungulia kila ndoo, kama mama alivyompa jina. Basi akikagua na ua lake la njano mguuni, mimi roho kwatu. Nikajiona profesa!

Baadaye akaacha kutaga bandani. Nikasema uzee huo, tumwache apumzike. Halafu jioni moja wenzake wamerudi, yeye hayupo. Nilitafuta mpaka kwenye mitaro. Asubuhi yake nikachungulia upande wa Cheche, yule jirani yetu fundi wa kuchomelea, mtu wa maneno matatu kwa siku. Nikaona nini? Kitambaa cha maua ya njano, kimekatwa, kimenasa kwenye waya wa ua wake. Chini yake manyoya mawili.

Dada, damu ilinichemka. Kitambaa kile duniani hakuna kingine. Nikamhukumu palepale: Cheche kamla kuku wa mama!

Sikumwuliza. Nilimnunia. Akinisalimia, natazama bati. Alikuja dirishani mara mbili, na mara zote mbili nikakanyaga cherehani kwa kasi, bila hata uzi, ili nisimsikie. Kisha akahamisha kazi zake zote kutoka kibandani kwake, akawa anachomelea nje juani, mbele ya dirisha langu. Nikajua hiyo ni jeuri, anakuja kunikodolea macho. Na kibaya zaidi, unajua sumaku ninayookotea sindano sakafuni ni yake. Kuiazima siwezi, nimeshanuna. Wiki tatu nimepiga magoti natafuta sindano kwa vidole, nikihofia kuku wasije wakazimeza.

Alhamisi wifi yako akashuka na begi mkononi. Kabla hajafika mlangoni akamsalimia Cheche, kama mtu yeyote mwenye akili zake. Wakaongea kidogo. Nikamwona anacheka, anaweka begi chini, anaingia kibandani. Akatoka ameshika mdomo, akaniita kwa jina langu lote, lile analolitumia nikiwa nimeharibu.

Nikaenda kwa kujivuta. Mle ndani, nyuma ya mageti ambayo hayajamalizika, kulikuwa na nusu ya pipa iliyojazwa nyasi kavu. Mkaguzi ameketi humo, amenitolea macho kana kwamba mimi ndiye niliyechelewa kazini. Chini ya bawa kikatoka kichwa. Kikatoka kingine. Mayai kumi na moja alitaga kwa siri, tisa yameanguliwa asubuhi ile ile!

Nililia, Dada. Sikuficha.

Sasa sikia aibu yangu. Kitambaa alikikata Cheche, kweli. Lakini ni kwa sababu fundo langu la kiprofesa lililoa maji, likabana, na mguu wa Mkaguzi ukavimba ukawa kama kidole gumba. Alimkatia kitambaa akamkanda kwa maji ya chumvi. Alipoona ameanza kuatamia, akamtengenezea pipa na wavu wa kuzuia paka. Na ule uchomeleaji wa juani? Alitoka kibandani ili makelele na cheche zisimtoe kuku kwenye mayai. Wiki tatu kaungua na jua kwa ajili ya kuku wetu, na mimi namwita mwizi moyoni!

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Cheche akanitazama akasema, "Nilikuja mara mbili. Ukashona." Akaingiza mkono mfukoni, akanipa sumaku. "Sakafu yako itakuwa imejaa."

Ndipo samahani ikanitoka, tena mfululizo, mpaka wifi yako akanivuta shati ninyamaze.

Tangu jana namshonea Cheche turubai kubwa la kivuli, mishono miwili miwili, na pindo lenye matundu ya kamba. Juani wafanye kazi wengine, si yeye. Vifaranga viwili ni vyake, amechagua mwenyewe vyenye vichwa vyeusi. Mkaguzi bado anachechemea kidogo, ila jana alizunguka uani, ndoo kwa ndoo, na tisa wote nyuma yake kwa mstari. Wifi yako na mimi tuliacha chai ikapoa. Kuku wangu sasa hawana kitambaa chochote mguuni. Nawatambua kwa tabia, kama mama.

Ndani ya bahasha nimekutilia kile kipande cha maua ya njano. Fundo langu bado lipo, Cheche alikata pembeni yake. Kikunje uje nacho, na ukifika unichape nacho kidogo, nimestahili.

Nisalimie shemeji na goti lake. Wapwa zangu waambie mjomba amewawekea kifaranga kimoja kimoja, majina watoe wenyewe, kwa masharti kwamba hawatawafunga kitu mguuni. Wifi yako anakusalimu sana, na mtoto wetu anauliza alale mara ngapi ndipo shangazi afike. Mungu akulindie safari, akufikishe uani kwetu ungali unacheka.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, mwenye vidole vilivyochomwa na sindano,

Fundi.

Mkaguzi yupo, anakula vizuri.