Maji Aliyoyakataa Mama

Jumatatu, 7 Julai

Nimemwosha Mama, nimembadilisha leso, nimemlisha uji. Vijiko viwili vitatu, basi. Uliobaki kampa Mutua, muuza maji, aliyekuwa akimimina madumu kwenye pipa letu. Alimwita kwa mkono, akamkabidhi bakuli. Mutua akaniangalia. Nikamwambia anywe, ningefanyaje. Ndivyo kila siku. Mimi napika, yeye anagawa.

Jina langu halijui tena. Mimi pia ni mgeni. "Kaa kitako mwanangu, umekula?" Hilo mwanangu humwambia kila mtu, hata Mutua.

Jumatano, 9 Julai

Nimemtandikia msala. Kasimama, kainua mikono, kakwama. Alhamdu imempotea. Mama huyu, aliyewasomesha Kurani wanawake wa Msambweni chuoni mpaka magoti yakamkatalia. Mama aliyekuwa akiitwa kila nyumba yenye mwanamke anayekata roho, amlakinie, amsomee shahada sikioni, asiondoke bila kuitamka.

Nikamsomea, nikitaraji atafuata. Akanisikiliza kwa adabu, kama mtu anayepewa habari za watu asiowajua.

Nimelia jikoni. Nina hasira na Mungu. Naandika hapa kwa kuwa sina pa kulisema. Mama alimpa umri wake wote. Hata sura moja asingemwachia?

Jumapili, 13 Julai

Kaja mama mdogo Riziki kutoka Waa. Shikamoo yangu kaiitikia huku akivua viatu, mbio kwa dada yake. Kutwa nzima anamtamkisha. "Sema dada yangu, lailaha ilallah." Mama anamuuliza kama amekula. Huyu anarudia, na yule anarudia.

Jioni kaniambia ulimi hutoa kilichomo moyoni, na kwamba anamhofia dada yake. Nilichukia. Sufuria nilizigonga kuliko ilivyohitajika. Kisha nilipojilaza nikaanza kuhofu mimi pia. Hilo ndilo linaloniuma.

Jumanne, 15 Julai

Homa. Hospitali wametwambia turudi naye nyumbani. Hali kitu.

Kupona siombi tena, najua hatapona. Naomba neno moja tu. Atamke. Na kama itawezekana, anitaje jina, Mwanahamisi. Hilo ni la ziada.

Jumatano, 16 Julai

Mama kafariki, adhuhuri.

Hakutamka.

Mama mdogo alikuwa sikio la kulia, mimi la kushoto. Tuliitamka mpaka sauti zikatukauka. Nikaona midomo yake imepasuka, nikamsogezea maji ya zamzam katika kikombe cha bati. Akafumbua macho. Akakisukuma kikombe kwangu, mengine yakanimwagikia.

"Kunywa wewe kwanza, mgeni."

Nikamwambia si mgeni, Mama, ni mimi Mwanahamisi. Akawa ananingoja ninywe. Sikunywa. Nilikuwa nataka shahada. Nikakiweka kikombe chini, nikaendelea kumtamkisha. Alikata roho akiniangalia.

Ijumaa, 18 Julai

Matanga. Kila mwanamke anayeingia ananiinamia sikioni na swali lile lile. Alitamka?

Mama mdogo kanikazia macho. Najua alitaka niseme ndiyo. Nami nilitaka. Nikasema hapana. Nikasema alikuwa na kiu, nikampa maji, akanipa mimi.

Jirani yetu Bi Mwanakombo, ambaye mamake alilakiniwa na Mama, akaanza kulia. Halafu mama mdogo naye, kwa sauti, akiwa ameushika mguu wangu.

Maji ya kumwoshea juzi aliyaleta Mutua kabla hajaitwa. Wakati wa maziko alisimama nyuma ya watu, kofia mkononi. Dua zetu hazijui. Alilia kuliko wajomba.

Jumatatu, 21 Julai

Watu wametawanyika. Mama mdogo karudi Waa.

Nimefagia chumba. Kikombe kilikuwa bado chini ya kitanda, nilipokiweka.

Hakunijua. Yale maji hakunipa kwa kuwa ni mwanawe, angempa yeyote aliyekuwa amekaa pale. Nimelia kwa hilo, wivu wa kitoto. Nilitaka yawe yangu peke yangu.

Kisha nikakaa kitako kwenye mkeka wake. Maji yalikuwa yameingia vumbi. Nimesema bismillahi, nimeyanywa yote.