Nzi Aliyepewa Jina Langu

Ezekieli, uliyekuwa mchumba wangu,

Salamu zako zimefika. Sikuzijibu mara moja, maana shajara yangu ya juma hili nimeiandika kwa hasira mpaka nibu ya kalamu ikatoboa karatasi. Leo mkono umetulia. 

Nianzie mwanzo, nisije nikaambiwa nimesahau wema. Nakumbuka Jumamosi zetu barazani kwa bwana wako, yule Mzungu uliyemtumikia hapa Likoni. Nikitoka shuleni kufundisha nilipitia kwako, ukaniwekea kigoda kando ya meza, nikakutazama ukitengeneza nzi wa bandia, wale wa kuvulia samaki. Ulibana ndoana kwenye jiliwa dogo. Ukapitisha uzi kwenye nta, ukauzungusha kutoka karibu na tundu hadi pale ndoana inapoanza kupinda. Hapo ukafunga nyuzi chache za unyoya ziwe mkia. Kisha ukasokota manyoya laini juu ya uzi, yakawa mwili. Mwisho ukachukua unyoya wa shingo ya jogoo, ule mkavu usiolegea, ukauzungusha mbele mpaka nyuzi zake zikasimama pande zote kama miguu. Fundo, tone la vanishi, basi.

"Samaki gani mjinga anayekula unyoya?" nilikuuliza.

"Samaki wa bara, kwenye mito ya baridi. Akiona nzi ameketi juu ya maji, humrukia. Nzi akizama tu, hamtaki."

"Basi ana maringo kukushinda wewe."

Ukacheka mpaka uzi ukakukatikia mkononi. Siku ile nilikupenda, siwezi kukana.

Vita vilipozuia meli, vifurushi vya manyoya kutoka kwao bwana vikakoma. Ukajaribu sufi, ilielea vizuri, lakini bwana alitaka nzi mweusi. Ukajaribu manyoya ya paka, yakalowa. Ya mbuzi hayakusokoteka. Nilikuhurumia, kwa kuwa bwana alikwisha sema hatakupeleka bara kama huna nzi wa kumpa.

Ndipo ulipoanza kuja kwetu jioni za kufumuliwa nywele. Mama aliketi mkekani, kichwa changu magotini pake, akizifumua na kuzichana, na zile zilizobaki kwenye kitana akazifinyanga kidonge. Unajua mama hatupi nywele ovyo. Huzifukia nyuma ya nyumba, zisiangukie mkono wa mtu mbaya. Mimi niliyesoma nilikuwa nikimcheka. Wewe hukucheka. Uliinuka ukasema, "Nipe mama, nikazifukie mimi. Magoti yako yanakuuma."

Ukaenda nyuma, ukakaa kidogo, ukarudi ukikung'uta udongo mikononi. Mama alininong'oneza, "Mwanamume anayefukia nywele zako, mwanangu, huyo hana haja ya kupimwa." Posa yako ilikubaliwa juma lile lile, na kazi ya kufukia ikawa yako.

Sikujua lolote mpaka siku bwana alipoita wageni. Aliweka bakuli la maji mezani, akadondosha nzi mweusi, naye nzi akakaa juu ya maji, mkavu. Wageni wakapiga makofi. Bwana akanigeukia.

"Dama! Njoo, shika Dama!"

Akaniwekea yule nzi kiganjani, wote wakacheka. Sikuelewa. Nikamsogeza puani, sijui kwa nini. Alinukia mafuta yangu ya nazi, yale ninayoyachemsha na majani ya mrehani.

Nilikutazama, nawe ulikuwa ukitabasamu kama mtu anayengoja shukrani. Jikoni ukaniambia, "Nywele iliyozoea mafuta hailowi. Na jina nimempa mimi. Si heshima hiyo?"

Nilitapika nyuma ya jiko. Usidhani niliogopa uchawi. Nilimwona bwana akilowesha fundo la mshipi kwa mate, nzi akimgusa mdomo. Nikafikiri juu ya wageni wale waliompitisha mkono kwa mkono, na matumbo ya samaki nisiowajua. Lakini kilichonichafua zaidi ni udongo. Kila jioni ulisimama nyuma ya nyumba yetu muda wa kumtosha mtu kufukia, ukainama, ukajipaka udongo mikononi, kisha ukarudi kuketi mkekani kwa mama.

Ukaenda bara na bwana. Mimi sikumwambia mama, maana alikuwa akiniuliza kila Jumamosi, "Mwanangu Ezekieli atarudi lini?"

Juzi dereva wa bwana, aliyerudi kuchukua vitu, alipiga hodi. Mama akamkaribisha maji.

"Ezekieli anawasalimu sana," akasema. "Anaomba Dama ampe nywele kidogo, za kisogoni, ndizo laini. Wale nzi wamekwisha, samaki wanawapenda mno."

"Nzi gani, baba?" mama akauliza polepole.

Naye yule kijana wa watu, asiyejua kitu, akaeleza yote, hata jina.

Mama aliinuka. Alichukua jembe akaenda nyuma. Akachimba pale ulipozoea kwenda, akachimba na kando yake. Aliporudi alikuwa hana kitu mkononi.

"Mwambie zimekwisha," akamwambia dereva.

Jioni akaleta wembe. Alininyoa kichwa chote, kama anyolewavyo kwetu mwanamke aliyefiwa, akazikusanya nywele katika kanga, akazifukia mwenyewe, na magoti yake yale yale. Jirani aliyepita akashtuka.

"Mama Dama, kwani pana msiba?"

"Pana."

"Poleni jamani! Nani?"

"Mkwe wangu."

Tangu jana asubuhi wanawake wanaingia na unga na pole zao, na mama anapokea. Wakiniuliza, ninaitikia.

Ukibakiwa na nzi hata mmoja, mchome moto. Na usirudi kueleza. Watu wamekwisha kukulilia, haitapendeza uonekane ukitembea.

Mimi niliyekuwa mchumba wako,
Dama