Kizingiti Alichokibomoa Babu Yako

Kadzo mjukuu wangu,

U mzima? Shangazi yako kajifungua salama. Binamu yako ndiye ashikaye kalamu.

Unauliza chumba unachonijengea kiweje. Sitaki ngazi.

Miaka ya vita vya Wazungu, hapa Kisauni, mamangu tuliyekaa naye aliishiwa nguvu za miguu. Kizingiti kirefu kilimshinda, nami nikamnyanyua kila aendapo chooni. Siku moja sikuwapo, naye akabanwa. Babu yako akabaki kusimama tu, maana kwetu mume hamgusi mamamkwe. Mama akaaibika, akataka arudishwe kwao.

Babu yako akachukua jembe. Akabomoa kizingiti, akashindilia mteremko wa udongo, akafunga kamba ya kushikilia hadi chooni.

Kesho yake mama akatoka, nami nyuma.

“Wanifuata nini? Naenda harusini?”

Nilicheka hadi nikakaa chini. Nijengee mlango kama ule, nami nikufukuze vivyo hivyo.

Bibi yako