Nilisema Mguu, Wakafunga Unyayo

Mujukuu wangu Neema,

Jambo sana. Huku Nyamianda babu yako iko, anakohoa kidogo tu. Mama yako iko. Shangazi yako Furaha iko na mtoto mpya, ananyonya vizuri. Hata kuku wako iko, ametaga. Weye je, unakula?

Unaniuliza, weye unayesomea uganga wa hospitali huko Bukavu, kwa nini minye nachechemea. Nitakuambia, na hasira bado iko.

Nilikuwa msichana, nikaanguka na muzigo wa mihogo kwenye njia ya Lemera. Goti likavimba kama boga. Kwenye kituo cha afya mwandishi akauliza, "Unaumwa nini?" Nikasema, "Mguu." Akaandika kwa Kifaransa: pied, yaani unyayo. Munganga akasoma fishi, ile karatasi ya mwandishi, akanifunga kitambaa unyayoni.

"Munganga, ni huku juu!"

"Fishi inasema pied. Weye binti, unajua kusoma kuliko minye?"

Masomo niliishia mwaka wa tatu, lakini goti si langu? Kweli, ningesema goti. Kuna goti, kuna muundi, kuna shavu la mguu, kila kipande kina jina lake. Lakini yeye macho alikuwa nayo, na mikono miwili, hata kunigusa hakunigusa! Goti likapona vibaya.

Mwanangu, ukishika fishi, shika na mtu.

Sasa limevimba tena, na Alhamisi narudi kwa waganga. Niandikie upesi, kabla ya siku hiyo: goti kwa Kifaransa wanasemaje? Andika kwa herufi kubwa. Karatasi nitaifunga palepale gotini.

Koko wako