Namba Niliyompa Mkufunzi

Chumba cha uani, kwa Mama,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na wifi yake Mama, bado anakuficha chumvi? Sisi wazima. Mama kikohozi kimemwachia, na sauti ya kugomba imesharudi.

Usishangae kupata barua ya mkono. Simu siiamini tena.

Ulinisihi nisiache kujinoa, kwamba mwandishi wa habari asiyesoma hugeuka tarishi wa wakubwa. Basi mhariri wetu alituandikisha wanne kwenye mafunzo ya mtandaoni. Mkufunzi hatujawahi kumwona uso, kila siku kamera yake mbovu. Tunaijua sauti yake tu, nzito, ya kuvuta maneno. Masomo matatu ya kwanza yalikuwa mazuri, sikatai. La nne akatutaka tuandike majina na namba za simu za watu wanaotupa habari, eti atazame tunavyowahakiki.

Machale yakanicheza. Mtunza stoo wa hospitali aliyenionyesha dawa zilizokwisha muda ana watoto wanne na kazi hiyo hiyo moja. Nikabuni muuguzi, nikaweka namba ya laini yangu ya zamani ambayo hakuna aijuaye.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, laini ile ikaita nikiwa naanika nguo.

"Wewe ndiye muuguzi unayeongea na waandishi?"

"Umekosea namba, baba."

"Sijakosea."

Mjomba, ilikuwa sauti ile ile. Nilikaa chini palepale, kwenye maji ya kufulia.

Nikawatahadharisha wenzangu. Wawili hawakuwa wametuma. Yule tunayemwita Kasuku alishatuma majina ya kweli, na Ijumaa dereva wa wizara aliyekuwa akimpa habari alisimamishwa kazi. Kasuku hali, hasemi.

Nilipomweleza mhariri, hakuuliza nani alinipigia. Aliuliza laini ile imeandikishwa kwa jina la nani. Tangu hapo namjibu salamu tu.

Nasikia binti yako naye amejiunga na mafunzo haya. Mwambie ana kwa ana, asitume somo la nne. Kama ameshatuma, awafuate watu wake mwenyewe, mmoja mmoja, leo hii, kabla hawajafuatwa.

Nisalimie wifi yake Mama na wale pacha. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake.

Ni mimi nikupendaye,
Mpwa wako.