Masahihisho Mekundu ya Mama

Jumatatu, 4 Machi

Mchapishaji amerudisha kitabu cha Mama, faili la kompyuta. Mwongozo wa wakunga – alianza kuuandika siku alipostaafu kufundisha ukunga. Kila ukurasa umejaa masahihisho: ya mhariri kwa bluu, ya Mama kwa wekundu. Kazi yangu ni kukubali au kukataa, kisha kurudisha nakala safi Ijumaa.

Kaka alichungulia akanicheka: kuna kitufe cha kukubali yote kwa mkupuo, msomi mzima hukioni? Nikamwambia haraka hiyohiyo ndiyo iliyomfanya aoe mara mbili. Mama alicheka hadi akakohoa.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata utaratibu. Kwanza nilibakiza kwenye skrini masahihisho ya nafasi na ukubwa wa herufi tu, nikayakubali hayo kwa pamoja; nusu ya rangi ikaondoka. Kisha nikachuja kwa jina la aliyesahihisha. Ya mhariri nayasoma moja moja, kwani hajawahi kuzalisha mtu. Ya Mama nayakubali bila kusoma. Mimi ni nani hata nimkosoe? Kazi inakimbia.

Jumatano, 6 Machi

Sura ya tano: namba za hatua zimeruka, moja haipo. Nikafungua nakala ya awali. Mtoto akishatoka, papasa tumbo uhakikishe hakuna pacha, ndipo uchome sindano ya kukaza mji wa mimba. Imekatwa kwa wekundu. Pembeni Mama ameandika kwamba imekwisha kusemwa. Nimepekua kitabu kizima. Haijasemwa popote.

Labda utaratibu umebadilika. Labda sijui kutafuta. Nilimpigia mwanafunzi wake wa zamani, sasa mkuu wa wodi ya wazazi, nikamuuliza kijuujuu, bila kutaja kitabu. Akajibu:

“Dada, anayeruka hapo anaua mtoto wa pili. Mama yako ndiye aliyetufundisha.”

Alhamisi, 7 Machi

Nimeanza upya na wekundu wote, nikifuata tarehe. Masahihisho ya mwanzo ni makali, yanapendeza. Ya karibuni – anafuta sentensi asubuhi, jioni anaibandika kwenye sura isiyohusika. Kando ya aya yake mwenyewe ameuliza nani kaiandika.

Huenda ni uchovu. Huenda ni macho. Sipendi jinsi ninavyozipata sababu kwa wepesi.

Kaka anasema niirudishe hatua ile kimyakimya, nikabidhi, yaishe. Lakini mimi si mkunga. Niliyoyaona ni yale ninayoweza kuyaona. Jina la Mama likiwa juu ya jalada, nani atathubutu kukitilia shaka? Kumpelekea mkunga mwingine akipitie ni lazima nimwombe Mama ruhusa, na kumwomba ni kumwambia.

Ijumaa, 8 Machi

Mchapishaji amepiga simu. Nimemwomba anisubiri hadi jioni. Nikaketi na Mama sebuleni, nikamfungulia sura ya tano, rangi zote zikionekana. Nilitumaini mwenyewe ataiona hatua iliyokatwa.

Aliiona. Alikaa wima kama aliye mbele ya darasa. Wekundu haukumwambia kitu.

“Nani amekata hapa? Mwanangu, huyu asiguse tena kitabu changu. Huyu ataua watu.”

Akaniambia nipeleke kipanya juu ya mstari, jina la aliyeukata lijitokeze. Anajua linavyojitokeza, mimi ndiye niliyemfundisha. Nikasema betri inakwisha, ngoja nifuate chaja.

Nayaandika haya nimesimama chumbani.

Ananiita. Anasema chaja iko palepale mezani, imechomekwa.