Simu Uliyonichagulia

Baba Nadim,

Salamu kutoka Shubra. Sisi wazima, ila hii simu yako mpya inanichosha. Chaji haifiki jioni, na nikigusa hapa inafungua kule. Mimi niliridhika na ile yangu ya vitufe. Ukanicheka: "Acha ushamba, Mama Nadim! Hii sauti yake safi."

Kweli ni safi. Jana ulipopiga kunambia huko Kuwait mmeshafuturu zamani, muadhini wetu Sheikh Shehata akaanza adhana, akakohoa katikati kama kawaida yake. Nilimsikia dirishani. Nikamsikia na kwenye simu, upande wako.

Barua hii sikuipeleka posta. Nimemwachia muuza maharage wa pale kona, maana najua daku huli kwa mwingine.

Mkeo, kama bado,
Raifa